Msasa: Maana na Matumizi ya Neno la Ufundi, kwa Kurejelea Kakamega

Utangulizi

Msasa ni miongoni mwa maneno ya ufundi ambayo Kiswahili hakikulazimika kuyaazima. Fundi seremala hulitumia kila siku, hali kadhalika fundi wa rangi na fundi wa magari. Na waandishi wa magazeti wamelihamisha kutoka karakana hadi ukumbi wa semina. Kwa kuwa neno limezoeleka hivyo, ni rahisi kudhani kwamba maana yake haihitaji kuchunguzwa. Lakini mtunzi wa istilahi anapotakiwa kutoa jina moja la kutaja kila kitu kigumu kinachotumiwa kukwaruza, kulainisha au kung'arisha kitu kingine, yaani mchanga, unga wa kioo, kinoo, gurudumu la kusagia chuma na karatasi ya seremala, neno la kwanza linalomjia ni hili hili msasa. Je, neno hili laweza kuubeba mzigo huo?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kufuata historia ya neno lenyewe, na kwa kuutumia mji wa Kakamega na viunga vyake kuwa mfano. Kakamega inafaa kwa sababu mbili. Kwanza, mti uliolipa neno hili maana yake ya asili unamea katika msitu ulio karibu na mji huo, ingawa neno lenyewe ni la Kiswahili cha pwani. Pili, ni mahali ambapo kazi ya mbao, uchimbaji wa dhahabu na mafunzo ya ufundi vimekutana kwa muda mrefu. Hoja itakayotetewa ni kwamba neno halipanuki ovyo. Hupanuka kwa kufuata sifa fulani ya kitu kilichotajwa kwanza, na mtunzi wa istilahi asiyeitambua sifa hiyo huliharibu neno bila ya kulitajirisha.

Mti na jani lake

Msasa kwa asili ni mti. Wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata, jina lililotolewa na Martin Vahl mwaka 1805, na sehemu ya pili ya jina hilo la Kilatini ina maana ya kitu kilichofanywa kuwa na mparuzo. Ni mti wa jamii moja na mkuyu. Huonekana katika Afrika ya Magharibi, ya Kati na ya Mashariki, na pia katika Yemen, Uhindi na Sri Lanka. Jani lake huwa na vinywele vifupi vigumu vyenye silika, yaani madini yale yale yaliyomo katika mchanga. Mtu akilipitisha jani hilo juu ya mbao, vinywele hivyo hukwaruza nyuzi zilizosimama, na mbao ikawa laini. Katika nchi nyingi za Afrika majani haya yametumiwa kulainishia mbao na pembe na kusugulia vyombo.

Kamusi za Kiswahili zinauthibitisha mwanzo huu. Ile ya Madan ya mwaka 1903, na ile ya Johnson ya mwaka 1939 iliyotokana nayo, zinautaja msasa kuwa mmea wenye majani ya kukwaruza yanayotumiwa kulainishia mbao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inautambua mti na inaitambua karatasi pia. Kwa hiyo, katika muda wa karne moja maana ya pili imepata nafasi yake kamili kando ya ile ya kwanza, na katika mazungumzo ya watu wengi imeifunika kabisa.

Hapa inafaa kutoa tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba katika Zimbabwe jina msasa hutumiwa kwa mti mwingine kabisa, Brachystegia spiciformis, ambao katika pwani ya Kenya huitwa mrihi. Jani la mti huo halikwaruzi, wala halina uhusiano na ufundi unaozungumzwa hapa. Msomaji wa vitabu vya mimea asipokuwa mwangalifu ataichanganya miti miwili kwa sababu ya umbo la jina. Tahadhari ya pili ni juu ya kutafuta asili ya neno kwa kusikiliza sauti tu. Wapo watakaoshawishika kulihusisha msasa na kitenzi saga, au na okhusia, kitenzi cha kusaga katika lugha za Waluhya, ambacho kinahusiana na obusie, yaani unga. Kufanana kwa silabi moja si ushahidi. Kusaga ni kukivunjavunja kitu kiwe unga. Kazi ya msasa ni kuliondoa tabaka jembamba la juu na kukiacha kitu kizima. Maana ni tofauti, na pasipo ushahidi wa mabadiliko ya sauti uhusiano huo haufai kudaiwa.

Kutoka jani hadi karatasi

Karatasi ya kulainishia mbao ilianza kutengenezwa kwa wingi viwandani katika karne ya 19. Mnamo mwaka 1833 John Oakey alianza kuitengeneza katika jiji la London kwa kugandisha unga wa kioo juu ya karatasi, na mwaka 1834 Isaac Fischer alipewa hataza ya kazi kama hiyo huko Marekani. Baadaye unga wa kioo ulifuatwa na madini yenye ugumu zaidi. Emeri ya kisiwa cha Naxos, Ugiriki, ilikuwa imejulikana tangu zamani. Na mwaka 1891 Edward Acheson, Mmarekani, aligundua namna ya kutengeneza kaborandamu katika tanuri la umeme. Katika kipimo cha ugumu kilichowekwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, ambapo almasi ni 10, kwatsi iliyomo katika mchanga hufikia 7 na kaborandamu hupita 9.

Karatasi hiyo ilipofika katika karakana za Afrika ya Mashariki, wasemaji wa Kiswahili walikuwa na njia tatu za kuipa jina. Wangeweza kuliazima neno la kigeni, kama walivyofanya kwa cherehe, jiwe la mviringo la kunolea, ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Wangeweza kuunda nomino kutokana na kitenzi, kama kinoo kilivyotokana na noa. Au wangeweza kulipanua neno lililokuwepo. Walichagua njia ya tatu, na sababu yake si vigumu kuiona. Jani la msasa na karatasi ya kiwandani vinafanana kwa mambo matatu: vyote viwili ni vyembamba na hukunjika, vyote viwili vina chembe ngumu zilizoshikwa juu ya kitu laini, na vyote viwili hupitishwa kwa mkono juu ya mbao iliyokwisha kuchongwa. Fundi aliyelijua jani aliiona karatasi akaitambua. Hakuhitaji jina jipya kwa sababu, kwa macho yake, kitu chenyewe hakikuwa kipya.

Ushahidi wa ngeli

Sarufi nayo imeitunza historia hii. Neno msasa limebaki katika ngeli ya miti: msasa huu, misasa hii, msasa umekwisha makali, misasa imekwisha makali. Karatasi yenyewe si mti, na neno karatasi lenyewe hutumia upatanisho wa karatasi hii, karatasi hizi. Lau karatasi ya ufundi ingalipewa jina la kigeni, kwa kawaida jina hilo lingaliingia katika ngeli hiyo hiyo ya karatasi na cherehe. Kwa hiyo kiambishi m-/mi- ni alama ya mti uliosahauliwa.

Jambo hili si la neno moja. Mpira ulikuwa mmea wenye utomvu unaonyumbuka; kisha jina likashika utomvu wenyewe, halafu kitu cha kuchezea, na leo hata bomba la kumwagilia maji. Mwanzi ulikuwa mmea, na jina lake likashika filimbi na kila kilicho kama bomba, hata tukapata mwanzi wa pua. Katika mifano yote mitatu mmea umekipa kitu cha ufundi jina lake na ngeli yake.

Lakini tukiichunguza mifano hiyo kwa makini tutaona tofauti iliyo muhimu kwa hoja yetu. Mpira umepanuka kwa kufuata mali: chochote kilichotengenezwa kwa utomvu ule, au kwa kitu kinachonyumbuka kama ule, huweza kuitwa mpira, kiwe cha mviringo au kirefu. Mwanzi umepanuka kwa kufuata umbo: uwazi wa ndani na urefu. Msasa haukufuata mali, kwa maana unga wa kioo na kaborandamu havikutoka katika jani. Umefuata umbo na kazi kwa pamoja: kitu chembamba, kinachokunjika, chenye chembe za kukwaruza. Ndiyo sababu fundi huuita msasa hata ule uliogandishwa juu ya kitambaa badala ya karatasi, wala hatauita msasa mchanga uleule ukiwa umemwagwa chini.

Neno na mti katika Kakamega

Kiswahili kilifika katika nchi ya Waluhya kwa njia ya misafara ya biashara. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 makao ya Nabongo wa Wanga, mahali panapoitwa leo Mumias, palikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani, na Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883. Utawala wa Kiingereza nao uliyaweka makao yake Mumias, hata mwaka 1920 ulipoyahamishia Kakamega. Kwa upande wa ufundi, Wakwekeri wa Marekani walianzisha misheni yao huko Kaimosi mwaka 1902, wakaipa jina lililotaja waziwazi kazi za viwanda, na wakajenga kinu cha kupasulia mbao. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega. Mwaka uliofuata sheria ya ardhi ya Waafrika ilibadilishwa ili ardhi iweze kutwaliwa kwa uchimbaji pasipo kutolewa nyingine badala yake, na jambo hilo lilizusha malalamiko hata katika Bunge la Uingereza. Wageni walimiminika, mgodi wa Rosterman uliendelea na kazi hadi mwaka 1952, na msitu ulitoa magogo ya kushikilia mashimo. Baada ya hapo mafunzo ya ufundi yaliimarishwa katika vyuo kama Sigalagala, kusini mwa mji.

Katika mazingira ya kinu, mgodi na karakana, ambamo watu wa lugha mbalimbali hukutana, neno la ufundi hujifunzwa pamoja na chombo chake. Mwanafunzi hukabidhiwa kipande cha karatasi akaambiwa: huu ni msasa. Hapo ndipo mpangilio wa maana unapogeuka. Kwa fundi wa pwani wa zamani, jani lilitangulia na karatasi ikafuata. Kwa fundi wa Kakamega karatasi ndiyo maana ya kwanza, na mara nyingi ndiyo maana pekee. Mti wa Ficus exasperata umesimama katika Msitu wa Kakamega, uliotangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, lakini wenyeji wa Isukha, Idakho na Tiriki wana lugha zao za kuitia miti yao. Mti uko karibu, neno linatumika karibu, lakini wengi wanaovitumia hawaviunganishi.

Hata hivyo sarufi ya lugha za wenyeji haikulipinga neno. Katika lugha hizo mti ni omusala na miti ni emisala. Msemaji wake akisikia msasa na misasa huzitambua ngeli zilizo sawa na zake. Amelipokea umbo la mti bila ya kuuona mti ndani yake. Kutokana na mfano huu twajifunza kwamba mpangilio wa maana katika kamusi, ambao huweka maana ya kale mbele, si lazima uwe mpangilio wa maana katika kichwa cha msemaji. Kamusi inayoandikwa kwa ajili ya mafundi na wanafunzi wa nchi nzima haina budi kuzitaja maana zote mbili, na kuonyesha uhusiano wake, ili mwanafunzi wa Kakamega auone mti wake katika neno la karakana.

Kupiga msasa

Kitenzi kinachoandamana na neno hili ni piga. Kiswahili hulitumia piga pamoja na majina ya vyombo kuonyesha kazi ya chombo: kupiga randa, kupiga pasi, kupiga deki. Kupiga msasa ni mmoja wa mfululizo huo, wala hakuna maana ya pigo ndani yake.

Usemi huu umepata matumizi ya sitiari. Walimu hupigwa msasa katika semina, wanahabari hupigwa msasa juu ya sheria ya uchaguzi, mswada wa kitabu hupigwa msasa kabla ya kuchapishwa. Sambamba nao kuna sitiari ya kunoa: kocha huinoa timu, mwanafunzi huinoa akili. Vitenzi hivi viwili si sawa. Kinachonolewa kinapewa makali, yaani uwezo wa kukata ambao hakikuwa nao au kilichokuwa kimeupoteza. Kinachopigwa msasa kimekwisha kupewa umbo lake. Huondolewa mikwaruzo iliyosalia tu. Katika karakana msumeno hutangulia, randa hufuata, msasa huja baadaye, na vanishi mwisho. Kwa hiyo mwalimu wa miaka 20 aweza kupigwa msasa kwa haki, bali mtu aliyeingia kazini jana hana cha kupigwa msasa, kwani hajapigwa randa. Magazeti yanapolitumia neno kwa kila aina ya mafunzo, usemi hupoteza ile tofauti iliyoufanya uwe na maana. Anayeijua karakana huusikia upungufu huo mara moja.

Haja ya jina la jumla

Turudi sasa katika swali la mwanzo. Kiswahili kinahitaji jina la jumla la vitu vya kukwaruza, na haja hiyo si ya wanaisimu peke yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo masomo ya ufundi yamefundishwa zaidi kwa Kiingereza, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 na katika mtaala wa umilisi ulioufuata. Kijana hujifunza kanuni kwa lugha moja, kisha huifanya kazi kwa lugha nyingine. Maagizo yanapotafsiriwa, hasa maagizo ya usalama, kosa dogo la istilahi laweza kuleta madhara.

Chukua mifano miwili. Sufuria iliyopakwa utando wa kuzuia chakula kisigande huja na onyo kwamba isisuguliwe kwa vitu vya kukwaruza. Onyo hilo likitafsiriwa "usitumie msasa", mpishi atalitii kikamilifu, kwani hana msasa jikoni; kisha atachukua mchanga, jivu au waya wa kusugulia masufuria na kuuondoa utando wote. Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika Ikolomani na sehemu nyingine za Kakamega watu, wanawake wakiwamo, wameendelea kutafuta dhahabu kwa kuponda na kusaga miamba yenye kwatsi. Vumbi la kwatsi likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mapafu na kuleta ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba ya kuuondoa. Onyo linalohusu vumbi la vitu vya kukwaruza likiandikwa "vumbi la msasa", mponda mawe atadhani kwamba linamhusu seremala. Hapo istilahi mbovu inakuwa kizuizi kati ya mtu na afya yake.

Huenda ikasemwa kwamba msasa upanuliwe tu, kama mpira ulivyopanuliwa. Jibu limekwisha kutolewa: mpira ulifuata mali, nayo mali huweza kuchukua maumbo mengi. Msasa umefungwa na umbo. Ukiuondolea sifa ya wembamba na kukunjika ili uingize kinoo, cherehe na mchanga, unamnyang'anya fundi neno lake mahsusi, naye atalazimika kutafuta jingine kwa ajili ya karatasi yake. Ni dhahiri kwamba jina la Kiingereza liko tayari kuijaza nafasi hiyo, kwa kuwa tayari husikika katika maduka ya vifaa.

Njia iliyo bora ni kuunda jina la jumla kutokana na kitenzi. Vitenzi viwili vinajitokeza, sugua na kwaruza. Sugua hakifai sana, kwa sababu hata kitambaa laini husugua bila ya kuacha alama. Kwaruza kinataja hasa kitendo cha kitu kigumu kuondoa sehemu ya kitu kingine. Kutokana nacho mkwaruzo ni alama inayobaki. Kikwaruzo kingeweza kudhaniwa kuwa alama ndogo ya aina hiyo. Linapendekezwa basi neno kikwaruzi, wingi vikwaruzi, kwa kufuata kielelezo cha kiyoyozi, ambapo ki- hutaja kitu na kiishio -i hutaja mtendaji. Kwa mpango huo mchanga, unga wa kioo, emeri, kaborandamu na kwatsi ni vikwaruzi. Kinoo ni jiwe la kikwaruzi lililotayarishwa kwa kunolea. Cherehe ni kikwaruzi kinachozunguka. Na msasa ni kikwaruzi kilichogandishwa juu ya karatasi au kitambaa. Kila neno linabaki na eneo lake, na jipya linalijaza pengo tu.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba msasa ni neno la mti lililopata maana ya kiufundi kwa njia ya jani lake. Kwamba ngeli yake imeitunza asili hiyo. Kwamba katika Kakamega maana ya pili imetangulia kujulikana kuliko ya kwanza. Na kwamba usemi wa kupiga msasa una mipaka ambayo karakana ndiyo iliyoiweka. Kutokana na hayo yanapendekezwa mambo matatu. Neno msasa liachiwe maana yake mahsusi. Neno kikwaruzi lijaribiwe kuwa jina la jumla katika vitabu vya ufundi na maagizo ya usalama, na lihukumiwe na mafundi wenyewe kwa kulitumia au kulikataa. Mwisho, kamusi na vitabu vya shule viutaje mti wa msasa pamoja na karatasi yake, na wakusanyaji wa maneno wayaandike majina ambayo Isukha, Idakho na Tiriki huupa mti huo, maadamu wazee wanaoyajua wangaliko na msitu wenyewe ungali umesimama.